Mume wangu anataka mwanetu aitwe Ettore, nyumbani wanasema ni jina la mkosi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni Mgiriama wa Malindi, lakini sasa naishi Italia, kwenye mji mdogo karibu na Piacenza. Nina mimba ya miezi saba. Ni mtoto wetu wa kwanza, na tumeshaambiwa ni wa kiume.

Mume wangu ni Mwitaliano. Baba yake alikuwa fundi mitambo, na miaka ya sabini alifanya kazi pale kituo cha Waitaliano cha kurushia satelaiti, San Marco, Ngomeni. Hadithi za Malindi ndizo zilizomlea mume wangu, na alipokuja kujionea mwenyewe ndipo tulipojuana. Mzee huyo aliitwa Ettore. Alifariki mwaka jana, siku chache kabla ya Pasaka. Alinipenda sana, Shangazi. Alikuwa akinisalimu kwa Kiswahili chake cha Ngomeni mbele ya ndugu zake wote, na mimi nikajiona nina mtu wangu katika nyumba ile.

Sasa tangu tulipojua ni mvulana, mume wangu anaongea na tumbo langu akimwita Ettore. Hakuniuliza. Mama mkwe naye ameshafuma blanketi yenye jina hilo. Mimi nilinyamaza, kwa sababu bado wana msiba.

Nilipomwambia mamangu kwa simu, moto ukawaka. Kakangu ni mzee wa kanisa, naye akaenda kutafuta habari za jina hilo kwenye intaneti. Akarudi na maneno mazito. Kwamba Ettore ni Hector wa hadithi za Wagiriki walioabudu sanamu. Kwamba Hector aliuawa vitani, maiti yake ikafungwa miguu nyuma ya gari la farasi, ikaburutwa mbele ya macho ya wazazi wake. Kwamba hata mwanawe mchanga alikuja kutupwa kutoka juu ya ukuta wa mji. Tena akasema kulikuwa na mwanasayansi wa Kiitaliano wa jina hilohilo, Ettore Majorana, aliyepanda meli mwaka 1938 asionekane tena hadi leo. Kakangu anasema jina limebeba mkosi na mtoto atausafiria. Mama analia. Anasema mjukuu wake hatapewa jina la mtu aliyekufa vibaya.

Baba yangu yeye hajasema neno. Jina lake ni Karisa. Najua hataomba, lakini najua pia angefurahi mno jina lake likiwa kwa mjukuu.

Nilijaribu kumweleza mume wangu. Akasema tu, "Ni jina la baba yangu," akatoka. Tangu siku hiyo hatujaligusa tena.

Shangazi, je, ni kweli hili ni jina la miungu? Mkosi wa jina unamfuata mtoto? Na baba yangu nimfanyeje? Nikikataa nitamvunja moyo mume wangu, nikikubali nitamvunja moyo mama.

Mama Mtarajiwa, Italia

JIBU

Marahaba mwanangu. Mungu akufikishe salama.

Nianze na kakako, kwa sababu yeye ndiye aliyetia hofu mahali palipokuwa na furaha. Aliyosoma si uongo. Hector anauawa, anaburutwa, na masimulizi ya baadaye yanasema mwanawe alitupwa kutoka kwenye ukuta wa Troya. Ila alisoma mwisho wa mtu akaacha maisha yake, na jina la Ettore limedumu Italia kwa sababu ya maisha hayo.

Kwanza, Hector si mungu. Katika utenzi wa Homer uitwao Iliad, ni binadamu, mwana mkubwa wa mfalme Priam, na ndiye ngao ya mji wa Troya. Vita hakuvianzisha yeye. Ni ndugu yake Paris aliyemleta Helen, mke wa mtu, na kuwaletea watu wote balaa, na Hector anamkemea waziwazi kwa hilo. Hata hivyo mji ni wake na wazazi wamo ndani, kwa hiyo anatoka kupigana.

Kuna mahali katika kitabu cha sita cha utenzi huo ambapo ningependa mamako asomewe. Hector anarudi mjini kwa muda mfupi, anakutana na mkewe Andromache kwenye lango, mtoto wao akiwa mikononi mwa yaya. Anamnyooshea mtoto mikono, mtoto analia na kujificha kifuani kwa yaya, maana ameiogopa kofia ya vita yenye manyoya ya farasi. Baba na mama wanacheka. Hector anaivua kofia, anaiweka chini, anambeba mwanawe, anambusu, anamrusha kidogo mikononi. Halafu anamwombea dua: siku moja watu wamwone akirudi kutoka vitani waseme, huyu amempita babake. Mashujaa wa utenzi huo wengi wanajiombea sifa zao wenyewe. Huyu anaomba mwanawe amzidi. Mama yeyote wa Kigiriama akisikia dua hiyo ataitikia amina.

Na ile maiti iliyoburutwa, je, iliachwa porini? La. Mzee Priam alikwenda usiku hadi kambi ya adui, akaibusu mikono iliyomuua mwanawe, akamwomba Achilles amrudishie mwili. Achilles akalia pamoja naye, akaurudisha, akasimamisha vita siku kumi na moja ili watu wa Troya wamlilie na kumzika. Utenzi wote unafungwa na mazishi ya Hector. Homer alikuwa Mgiriki, akiimba habari za ushindi wa Wagiriki, na bado aliufunga kwa heshima ya mtu wa upande wa pili. Basi aliyekufa vibaya hapa ni nani? Alikufa akiulinda mji wake, akazikwa na watu wake wote.

Waitaliano wana sababu yao ya ziada kumpenda. Warumi wa kale waliamini asili yao ni Troya, kupitia kwa Enea aliyetoroka mji ulipoungua. Kwa hiyo Hector kwao ni wa ukoo. Usishangae huko Italia kukutana na watoto wa siku hizi wanaoitwa Enea na Ettore, majina yaliyodhaniwa ni ya mababu tu, yamerudi. Na mumeo huenda alikaririshwa shuleni shairi la Ugo Foscolo la mwaka 1807 kuhusu makaburi, linalomalizika kwa kumwambia Ettore kwamba atapata heshima ya machozi maadamu jua linaangaza juu ya taabu za wanadamu. Foscolo mwenyewe baba yake alikuwa wa Venice na mama yake Mgiriki, akazaliwa kisiwani Zante. Mtoto wa pande mbili, kama wako.

Sasa dini, kwa kuwa kakako ni mzee wa kanisa na jambo hili kwake ni la imani, nami naliheshimu. Mwombe afungue Matendo ya Mitume, sura ya 18. Atamkuta Apolo, mhubiri hodari wa Maandiko aliyetoka Aleksandria. Jina lile linatokana na la mungu wa Wagiriki, Apollo. Asome Warumi 16: mstari wa kwanza yuko Fibi, mhudumu wa kanisa, na chini kidogo yuko Herme. Fibi ni jina lililokuwa la Artemi, mungu mke wa Waefeso, na Herme ni jina la mungu aliyekuwa mjumbe wa miungu yao. Paulo aliwataja waumini hawa kwa majina yao waliyopewa na wazazi wao, na hakuna mahali alipowaambia wayabadilishe. Kanisa likaendelea vivyo hivyo. Martini ni jina lililotokana na Mars, mungu wa vita wa Warumi, nalo limebebwa na watakatifu. Denis linatokana na Dionysus, mungu wa mvinyo. Ukihesabu akina Martin na Denis wanaokaa viti vya mbele kanisani kuanzia Mtwapa hadi Malindi, hutamaliza.

Tena jina la Apolo lilibebwa na mmoja wa wainjilisti wakubwa wa Afrika yetu, Apolo Kivebulaya wa Uganda, aliyepeleka Injili hadi Boga, Kongo, akafia huko mwaka 1933. Sijasikia mtu akisema jina lilimzuia. Na kama kakako anataka ushahidi wa Kiitaliano, mshairi Dante, aliyefariki mwaka 1321 na ambaye hakuwa na huruma kwa waovu, alimweka Ettore katika ngome ya watu wema waliokufa kabla ya Kristo, mahali pasipo na mateso. Hector ni jina la mtu tu. Kanisa limekubali ya miungu, litaogopa hili?

Majorana, ndiyo, habari yake inaumiza. Alizaliwa Catania mwaka 1906, akawa miongoni mwa vijana wa mwanafizikia Enrico Fermi kule Roma, mwenye kipaji ambacho Fermi mwenyewe alikistaajabia, na Machi 1938 alitoweka katika safari ya meli kati ya Palermo na Naples. Mpaka leo watu wanabishana alikwenda wapi. Lakini kakako alichagua mmoja akawaacha wengine, na hapo ndipo ninapomlaumu. Anayetaka kuhukumu jina kwa walioitwa hivyo, na awaite wote.

Amwite Ettore Sottsass, aliyezaliwa 1917 na kuishi miaka 90. Huyu alikuwa mbunifu wa vyombo, na taipureta nyekundu ya Olivetti iitwayo Valentine, iliyotoka 1969, ni kazi yake pamoja na mwenzake. Alitaka chombo cha ofisini kimfurahishe anayekitumia. Amwite Ettore Bugatti wa Milano aliyeanzisha magari ya jina lake kule Molsheim mwaka 1909, na Ettore Scola mwongozaji wa filamu. Aende nyuma zaidi hadi Ettore Fieramosca, aliyewaongoza wapanda farasi 13 wa Kiitaliano dhidi ya 13 wa Kifaransa pale Barletta mwaka 1503, wakashinda. Mwandishi anayejulikana kama Italo Svevo, wa Trieste, alizaliwa akiitwa Ettore Schmitz.

Na yuko mmoja wa mkoa wenu huohuo wa Piacenza, ambaye mimi namthamini kuliko hata wenye magari. Ettore Boiardi alizaliwa 1897, akahamia Marekani akiwa kijana, akafungua mkahawa Cleveland. Wateja walipenda tambi na mchuzi wake hadi wakaomba kwenda nazo nyumbani, akaanza kuwafungia, na mwisho akawa na kiwanda cha chakula cha makopo. Wamarekani walishindwa kulitamka jina la ukoo wake, kwa hiyo kwenye makopo aliliandika kama walivyoweza kulisema, Boyardee, na yeye mwenyewe wakamwita Hector. Aliishi ugenini, akalisha watu, akafa mzee mwaka 1985. Msimulie mamako huyu.

Sitakuficha upande wa pili. Ettore Tolomei aliwatumikia mafashisti kwa kuwanyang'anya watu wa Tirolo ya Kusini, waliosema Kijerumani, majina ya vijiji vyao na kuwabandikia ya Kiitaliano. Katika orodha yote hii ndiye anayenichoma zaidi, kwa sababu alijua thamani ya jina na akaitumia kuumiza. Basi unaona mwanangu: mwenye kipaji aliyepotea, mbunifu, mpishi, mwandishi, mdhalimu. Jina ni lilelile. Mkosi uko wapi hapo?

Nije kwa mamako, kwa upole. Kwa mila zenu Wagiriama, mwana wa kwanza wa kiume huitwa kwa babu yake mzaa baba. Mamako analijua hilo kuliko mimi. Mumeo, bila kujua, anafanya hasa kile ambacho mzee yeyote wa kaya angemwambia afanye. Kama ungeolewa Ganze badala ya Piacenza, na babu wa mtoto akawa Charo, je, kuna ambaye angeuliza Charo wa kwanza kabisa alikufaje? Mtoto huyu hapewi jina la Hector wa Troya. Anapewa jina la mzee aliyefanya kazi Ngomeni akakusalimu kwa Kiswahili mbele ya ndugu zake. Mwambie mamako hivyo hivyo. Naamini machozi yake yana jambo jingine ndani: binti yuko mbali, atajifungua bila yeye, na mjukuu wake ameshaanza kuitwa kwa jina ambalo yeye hawezi kulitamka vizuri. Mfundishe kulitamka, mkazo mwanzoni, ÉT-to-re. Akishindwa akaita Etore, mwache. Mtoto ataitikia.

Usisahau pia kwamba majina yalishawahi kupita njia ya upande wa pili. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sherehe za uhuru wa Kenya, mafundi wa Kiitaliano wa San Marco walirusha kutoka bahari ya Ngomeni satelaiti ya Wamarekani ya kuchunguza anga, nayo ikaitwa Uhuru. Jina la Kiswahili lilipaa kwa mikono ya wenzake baba mkwe wako, na hakuna Mwitaliano aliyesema ni geni.

Lakini mumeo amekosea, na hili lisipite. Kuchagua jina la mtoto ni kazi ya wazazi wawili. Anaomboleza, naelewa, na yale maneno "ni jina la baba yangu" ni kilio kuliko jibu. Hata hivyo msiba haumpi ruhusa ya kukuruka. Usimwendee na hoja za kakako, maana atasikia kwamba watu wa kwenu wanamtukana marehemu. Mwendee na yako: "Nampenda baba yako, na nakubali jina. Ila nataka uniombe, na nataka baba yangu naye awemo." Sema ukiwa umekaa naye, wakati ambao hakuna simu ya mtu. Mama mkwe mwache na blanketi lake.

Baba yako atakuwemoje? Hapa sheria ya Italia inakusaidia kuliko unavyofikiri. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Katiba wa mwaka 2022, nambari 131, mtoto hachukui tena jina la ukoo la baba peke yake moja kwa moja. Anachukua ya wazazi wote wawili, kwa mpangilio mtakaokubaliana, isipokuwa nyinyi wenyewe mkubaliane libaki moja. Kama pasipoti yako inaonyesha Karisa kuwa jina lako la ukoo, basi Karisa ni haki ya mwanao, mkae kimya au mseme. Lisiondolewe tu kwa saini yako bila wewe kujua unachosaini. Hii ndiyo njia ninayoipenda mimi.

Kama kwenye pasipoti halipo mahali pa ukoo, liweke kuwa jina la pili la mtoto. Sheria inaruhusu hadi majina matatu, na herufi K inakubalika. Wala hakuna tatizo kutumia jina la babu, awe hai au marehemu. Kinachokatazwa ni mtoto kupewa jina lilelile la baba yake aliye hai, au la ndugu yake aliye hai. Hapo uwe macho na alama moja ndogo. Mkiandika "Ettore, Karisa" kwa kuweka mkato, vyeti vitatoka na Ettore peke yake. Mkiandika "Ettore Karisa" bila mkato, yote mawili yatakuwa kwenye kila cheti. Wengi hawaambiwi hili dirishani.

Muda ni siku kumi tangu kuzaliwa ukiandikisha kwenye ofisi ya manispaa, au siku tatu ukiandikishia hospitalini ulikojifungulia. Usiingie chumba cha uzazi jambo hili likiwa bado halijaisha, kwa sababu utakuwa umechoka na mumeo ndiye atakayekwenda na karatasi. Liandikeni mapema, herufi kwa herufi, mpangilio wote, mkubaliane nalo. Na kwa kuwa katiba ya Kenya ya 2010 inamtambua mtoto wa mama Mkenya kuwa raia kwa kuzaliwa, popote alipozaliwa, mtakapokwenda ubalozini Roma hakikisha wameandika vilevile, t mbili na Karisa wake. Jina likitofautiana kati ya nchi mbili, utalihangaikia miaka.

Kabla ya hayo yote, mwanangu, mpigie baba yako simu. Usipitie kwa mama wala kwa kakako. Mweleze mpango, na umwombe ruhusa ya kulitumia jina lake, kama unavyotaka mumeo akuombe wewe. Kisha mpe mumeo simu waongee wenyewe, hata kama Kiswahili chake ni cha kubahatisha.